Kibandiko cha Chupa Tatu

Govan, Glasgow
Jumapili, 2 Oktoba 2011

Admirali,

Barua yako nimeipata, pamoja na madoa yake. Ukisema ni chai nitaamini.

Unauliza hali. Hali ipo. Nakula, nalala, Jumamosi nashuka ngazi, napanda, basi. Muuguzi aliyekuja kunipima presha aliniambia wazi kwamba mjane wa ghorofa ya tatu akishaacha kushuka, siku akishuka tena huwa amebebwa. Alisema kwa upole, huku anakunja mpira wa mashine yake. Mimi nilimpa biskuti.

Jana nilishuka kununua vitu vya wiki. Pale kwenye rafu ya waini kile kibandiko cha njano hakipo. Unakijua, ulikicheka ulipokuja mazishini: chupa tatu kwa pauni kumi. Netta wa kaunta akaniambia ni sheria mpya, imeanza siku hiyo hiyo, Scotland nzima. Hakuna tena ofa ya kununua nyingi ukapunguziwa. Kila chupa na bei yake. Serikali inataka tunywe kidogo.

Sikukasirika. Nilisimama tu. Tangu Wattie astaafu tulikuwa tunachukua tatu: moja yake, moja yangu, moja ya mgeni, na mgeni asipokuja Wattie husema shauri yake. Wattie tumemzika Machi na mimi bado nachukua tatu, kwa sababu kibandiko kinasema tatu. Jana ndiyo mara ya kwanza naulizwa ni ngapi. Hakuna aliyeniuliza kwa mdomo, lakini nilisimama pale kama niliyeulizwa, watu wananipita na vikapu vyao.

Nikachukua moja. Iliisha jana hiyo hiyo.

Leo mvua.

Dada yako,
Effie


Corby, England
7 Oktoba 2011

Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka na kwa mdomo,

Pokea salamu gunia zima, uchague zinazokutosha, nyingine wape majirani. Mimi ni mzima ukiondoa masikio, nyonga, meno ya juu na akili, ambayo wewe husema sikuwahi kuwa nayo. Hospitali wanasema nyonga yangu itabadilishwa nafasi ikipatikana. Wakichelewa nitajiwekea mwenyewe, kuna baiskeli nzee hapo nje.

Nimesoma habari ya kibandiko nikasimama wima, na unajua kusimama kwangu siku hizi ni sherehe. Effie, mimi nimeona dunia. Nimekunywa Valparaiso na nahodha wa jicho moja. Nimekunywa Yokohama mpaka polisi wakanisindikiza melini wakiimba. Wewe utasema nilikuwa nikimenya viazi jikoni humo melini. Ndiyo, lakini vile viazi vilizunguka dunia na mimi nilikuwa navyo. Kila bandari niliyokanyaga, ukinunua kingi unapunguziwa. Hata yule mwizi wa Port Said aliyeniuzia saa yangu mwenyewe alinipa mkanda bure. Sasa serikali yenu inajiona ina adabu kumzidi mwizi wa Port Said.

Huku Corby sheria hiyo haifiki. Mji umejaa Waskoti, tulikuja kwa ajili ya chuma, chuma kikaisha, sisi tukabaki, lakini ardhi ni ya England na kibandiko kipo palepale, kikubwa kama bango la uchaguzi. Jana nilikwenda kukisalimia kwa niaba yako.

Wewe vumilia. Ndugu yako anafikiria, na nikifikiria moshi hutoka.

Mdogo wako mtiifu,
Dod


Govan
19 Oktoba 2011

Admirali,

Usifikirie sana. Mara ya mwisho ulifikiria ukaoa.

Sasa nashuka kila siku. Ndivyo ilivyo. Nikichukua moja inaisha, kesho hakuna, nashuka. Ukijumlisha, nakunywa kile kile, pengine kimezidi kidogo. Serikali ikitaka kujua sheria yake imefanya nini, ije iniulize, niko nyumbani.

Na kabla ya saa nne asubuhi hawauzi, ile sheria yetu ya zamani, mashine ya kaunta yenyewe inakataa. Basi sisi wa kuwahi tunajikuta tumesimama pamoja karibu na friji za njegere, kila mtu anajifanya anasoma pakiti. Sote tunajua. Yuko mmoja mwenye mbwa. Na yuko Tully, yule wa mlango wa chini kwenye ngazi yetu, ambaye Wattie hakumsemesha tangu ule mgomo wa kiwanda cha meli, kwa kuwa Tully alirudi kazini siku moja kabla ya wenzake. Maisha yote tumepishana naye mlangoni kama hatuonani. Sasa ananishikia kikapu. Nilimwambia kikapu hakina kitu, hakihitaji kushikwa. Akasema ndiyo maana anakishika, mgongo wake mbovu.

Alhamisi nilichelewa, Netta akaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa jikoni.

Inachosha, Dod. Kila siku kuvaa viatu, kuvaa koti, kuchana nywele, zile ngazi zote, kwa chupa moja. Zamani ilikuwa mara moja kwa wiki, unafunga mlango, yameisha. Juzi Tully alinisubiri chini kwa sababu barafu imeanza. Nilimwambia asinisubiri. Jana alinisubiri tena.

Magoti yanauma. Ni sheria ya ovyo.

Dada yako,
Effie


Corby
24 Oktoba 2011

Dada Effie,

Nimeisoma barua yako klabuni kwa sauti, na sauti yangu unaijua, kiziwi hajui kunong'ona. Wanaume wazima wameinamisha vichwa. Mwanamke wa umri wako, mjane, na magoti yale, anapanda na kushuka kila siku kama mbeba makaa kwa ajili ya kachupa kamoja. Nimewaambia: huyo ndiye aliyenilea mama alipokuwa akifua nguo za watu. Huyo ndiye aliyenipiga kwa kijiko cha mbao mpaka nikajua kusoma nusu. Ile nusu nyingine ni uvivu wangu.

Sasa sikiliza mpango, na ukishausikia uvue kofia.

Kila timu yetu ya huko Glasgow ikicheza nyumbani, basi la mashabiki hutoka hapa Corby alfajiri na kupaki mtaa wa pili kutoka kwako. Dereva ni Boyd, kijana wa miaka hamsini, moyo wa dhahabu, kichwa cha mbao. Buti la basi huwa tupu. Nimemwambia Boyd tangu leo buti hilo ni la heshima. Nitanunua huku chini ya kibandiko, tatu tatu, mpaka nijaze katoni. Boyd atapaki, mashabiki watakwenda kupiga kelele uwanjani, yeye atakupandishia mpaka mlangoni. Hakuna sheria iliyovunjwa. Nilimuuliza polisi mmoja klabuni, akasema kinachovunjwa hapo ni mgongo wa Boyd tu.

Hutashuka tena, Dada. Hiyo ni ahadi ya mwanaume aliyezunguka dunia. Wewe kaa, nyanyua miguu, kunywa kwa nafasi. Yule Tully mwambie akatafute kikapu kingine cha kushika.

Ndugu yako, tajiri wa magendo,
Dod


Govan
7 Novemba 2011

Dod,

Katoni imefika. Boyd alipanda nayo, akakaa kwenye kiti cha Wattie kupumua, akaomba radhi alipojua ni kiti cha nani. Nilimwambia akae tu. Asante. Umetumia pesa nyingi, wala hukutakiwa.

Sasa sihitaji kushuka. Mkate naumega kidogo kidogo, mwingine upo kwenye friji. Maziwa yameisha, lakini chai ya rangi ni chai.

Tully aligonga Jumanne. Nilikaa kimya mpaka akaenda. Nilikuwa na gauni la kulalia. Alisimama hapo nje muda, nilikuwa naona vivuli vya viatu vyake chini ya mlango. Jumatano akagonga tena. Hajagonga tangu hapo.

Mchana umekuwa mfupi. Nikiwasha taa namwona Wattie hayupo, nikizima ni sawa tu.

Nimekwisha kusema asante.

Effie


Corby
12 Novemba 2011

Dada mpendwa,

Klabu nzima imesimama kunywa kwa heshima yako. Boyd ameingia hapa kama jemadari. Amenunuliwa bia na watu wasiomjua, na mimi ninayemjua nikamnunulia mbili. Kuna jamaa mwingine hapa mama yake yuko Paisley, jirani na kwako, ameniomba nimpe nafasi katika buti. Nimemwambia apange foleni. Nikifa mtasikia Corby ilikuwa na mfalme.

Habari ya Tully imenichekesha mpaka meno ya juu yakaanguka kwenye supu. Huyo mzee hakukufuata wewe, Effie, kafuata waini. Mtu aliyevunja mgomo siku moja kabla ya wenzake, ukimfungulia mlango atavunja katoni kabla ya wewe kukaa. Umefanya vizuri kunyamaza. Shemeji Wattie huko aliko amekupigia makofi.

Katoni ya pili iko chini ya kitanda changu, inasubiri timu icheze. Ya tatu itakuja kabla ya Mwaka Mpya, maana haifai mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chako mwaka ukigeuka akute huna cha kummiminia. Nyonga ingekuwa nzima ningekuja mwenyewe kuwa huyo mtu wa kwanza, na kipande cha mkaa mfukoni cha kukuletea bahati, kama mila yetu inavyotaka.

Andika. Na unitukane kidogo, barua yako ya mwisho haikuwa na chumvi.

Dod


Govan
Novemba

Mpendwa George,

Katoni ya pili imefika salama. Nakushukuru sana kwa wema wako. Mimi sijambo. Hali ya hewa ni ya kawaida. Natumaini nyonga yako inaendelea vizuri.

Wako,
Euphemia


Corby
30 Novemba 2011

Kwa Bwana Tully,
mlango wa chini, ngazi ile ile ya dada yangu

Bwana,

Hatujuani, ila nimekuchukia miaka mingi kwa niaba ya marehemu shemeji yangu. Tuliweke hilo kando kwanza, halipotei.

Mimi ni Dod, mdogo wake Effie wa ghorofa ya tatu. Ningepiga simu, lakini ni kiziwi, viwanda vya mabomba ya chuma havikuniachia sikio. Ningekuja, lakini nyonga yangu haifiki hata kituo cha basi. Kwa hiyo nakuandikia, na Boyd wa basi ndiye atakayeisukuma barua hii chini ya mlango wako.

Dada yangu ameniita George. Bwana Tully, ndilo jina langu la cheti, lakini mtu wa mwisho kuniita George alikuwa hakimu. Tangu nina suruali fupi Effie ananiita majina ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu nisiyemjua, na siku akiwa na adabu ananiita Admirali. Nilipoona George nilidhani barua ni ya mtu mwingine. Nikamwita Boyd nikamuuliza vizuri, maana mara ya kwanza nilimuuliza tu kama katoni imefika. Boyd akasema alipopandisha ya pili alimkuta na koti juu ya gauni la kulalia, na ilikuwa mchana. Taa hazijawashwa. Chupa za katoni ya kwanza zimepangwa ukutani, tupu, safi, kama askari. Hakumkaribisha akae. Boyd alikuwa nalo hilo tumboni wiki nzima, akaona si adabu kusema.

Nikatoa barua zake zote nikazisoma upya, polepole, kwa kidole. Sasa nimeona ambacho mtoto wa darasa la pili angekiona. Serikali ilitaka anywe kidogo, ikashindwa. Ilichoweza, bila kukusudia, ni kumshusha ngazi kila siku. Mimi nimetumia buti la basi kumpandisha tena. Na muuguzi alikuwa amemwambia, na yeye aliniandikia, na mimi nikajibu habari za Valparaiso.

Sasa. Mimi sijui namna ya kumfanya mtu aache kunywa. Ningejua ningeanza na mimi. Lakini katoni ya tatu Boyd ataiacha kwako, chini, si kwake juu. Humpi katoni. Humpelekei. Unampa chupa moja, kwa mkono, kila siku akija, na awe amevaa viatu. Akikutukana, hiyo ni dalili nzuri, nijulishe. Asiposhuka kabisa, panda wewe ukagonge, na safari hii usiondoke. Habari za mgongo wako ninazo. Panda hivyo hivyo.

Ukifanya hili, ile siku moja ya mgomo nitaiongelea na Wattie nikifika huko.

Dod Purdie


Govan
5 Desemba 2011

Bwana Purdie,

Mimi si mtunza ghala. Lakini katoni ninayo, iko chini ya meza.

Hajashuka bado. Nilipanda nikagonga, nikamwambia kupitia mlango kwamba dereva ameiacha kwangu kwa amri yako, na masharti ni viatu. Kisha akasema neno moja juu yako. Nilikuwa sijalisikia kwa mwanamke tangu kiwandani, kwa mpishi mmoja.

Umeniomba nikujulishe, nakujulisha.

G. Tully


Govan
12 Desemba 2011

Admirali wa viazi,

Kichwa chako kingewekwa kwenye buti la basi badala ya katoni, mzigo ungekuwa mwepesi. Hukuniuliza. Umenigeuza mtoto wa kupewa kijiko cha dawa, na tena umempa kijiko Tully, kati ya watu wote wa Glasgow. Wattie angekutupa dirishani, na dirisha la kwangu ni refu.

Nilikaa bila waini siku kadhaa. Siwezi kukuambia ilikuwaje. Nililala sakafuni jikoni kwa sababu sakafu ilikuwa baridi na baridi nilikuwa naisikia, ilikuwa kitu cha kusikia. Yeye alipanda kila asubuhi, akagonga, akauliza, "Upo?" Nikasema, "Nipo." Akashuka. Siku hizo hilo ndilo neno pekee nililosema.

Jana nikashuka. Sikumbuki kuamua. Nilishika ukuta ngazi zote. Akafungua mlango, akatazama chini, akasema, "Hizo ni ndala."

Nikamwambia alete chupa.

"Admirali kasema viatu."

Nikamwambia Admirali alikuwa akimenya viazi.

"Hata hivyo," akasema. "Amri ni amri."

Nikapanda. Unasikia, Dod? Nikapanda ngazi zile zote, nikavaa viatu, nikafunga kamba, nikashuka tena. Mara mbili siku moja. Nilipofika mlango ulikuwa wazi na birika linachemka. Chupa ilikuwa mezani, peke yake. Akasema nikae kwanza nipumue, nikakaa.

Ana supu ya shayiri mbaya sana. Nilikula. Akasema tangu niache kwenda, pale kwenye njegere wanasimama wawili tu, yeye na yule wa mbwa, na mwenye maneno ni mbwa. Netta anauliza. Akataka kuniambia habari ya ile siku ya mgomo, kwa nini alirudi kazini. Nilimwambia sitaki kusikia. Akasema sawa, akanimiminia chai. Tulikaa. Redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira, timu yenu imefungwa, nafurahi.

Sina cha kukuambia kuhusu moyo. Hausemi kitu. Ni kama mkono ulioulalia, unajua ni wako lakini hauusikii.

Waini usinunue tena, Dod. Nakuomba. Nyonga yako ikiwa tayari kabla ya Mwaka Mpya, njoo na mkaa tu. Huwezi kupanda kwangu, lakini mlango wa Tully uko chini.

Nilipofika juu jana nikaweka mkono mfukoni kutafuta ufunguo, ndipo nikaona mkono mwingine hauna kitu. Chupa nimeiacha mezani kwake. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, nikitazama ngazi. Kisha nikaingia ndani bila chupa.

Usianze kusherehekea huko klabuni. Ni magoti tu. Leo nitaishukia chupa yangu.

Dada yako,
Effie